Kwa Fundi Mapazia, Ambaye Kwake Hayakupita

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu asubuhi ile cherehani yako ilipokaa kimya na majirani wakaanza kuuliza kulikoni.

Ulishona mapazia ya mtaa mzima. Mteja akilalamika kwamba pazia limekuwa refu, ulimjibu, "Dirisha lako ndilo fupi, futi yangu haidanganyi." Kisha ulilikunja upya bila malipo, na chai ukampa.

Lakini nyumbani kwako hapakuwa na pazia hata moja. Wageni walikutania kwamba mganga hajigangi, nawe ukacheka nao. Sisi wa nyumbani tulijua: ulitaka kumwona anayeingia getini kabla hajafika mlangoni. Mume aliyekuwa akikupiga alikuwa ameondoka zamani, ana mji wake kwingine, na bado ukisikia mlio wa funguo tu, mkasi ulikudondoka. Ulikuwa unalala na viatu miguuni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwako ung'ongo ulikuwa kila mahali.

Tuna hasira, na leo tunaisema. Waliokuambia mvumilivu hula mbivu, watuonyeshe hiyo mbivu uliyokula. Ulipokosa usingizi walisema ni presha. Ulipolia ukiwa peke yako jikoni, walisema unadeka, mtu mzima na wajukuu. Ni daktari mmoja tu, tena umri wako ukiwa umeshakwenda, aliyekuambia, "Mama, huna wazimu. Umeumizwa, na hofu hii inatibika." Ulirudi nyumbani ukakaa kitako, ukasema, "Kumbe ni ugonjwa. Mimi nilidhani ndiyo tabia yangu."

Muda wa kupona haukukutosha. Hilo ndilo linalotuchoma.

Wiki iliyopita shemeji yako alikuja kuomba kaka yake aandikwe kwenye tangazo hili. "Mwandikeni tu jamani, alikuwa mumewe. Yale yameshapita."

Binti yako alikuwa amekalia kiti chako, anashona. Hakuinua macho.

"Baba mdogo, kwake yamepita. Kwa mama hayakupita."

Shemeji yako alikunywa maji, akaaga.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye bado anakutengea kikombe, na binti yako na mwanao wa kiume, mdogo wako kitindamimba, wajukuu wako, na mafundi wenzako wote wa kibarazani. Mume hayumo. Hatukumsahau, tumemwacha kwa makusudi.

Wewe hatutakusahau maisha yetu yote.