Aliyezisugua Reale Zako ni Mimi

Baba Njeri wangu,

Usiucheke mwandiko huu. Unajua niliishia darasa la nne, na tangu hapo kalamu nimeishika kuandika majina kwenye magunia ya kahawa tu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha, wewe Mkikuyu wa Ruiru na mimi Mkamba wa Gatuanyaga, na mpaka mwisho hukuweza kutamka jina la mama yangu bila kunichekesha. Naandika pia kwa sababu kuna jambo lililonishinda kulisema ukiwa hai. Nilikudanganya kuhusu reale zako, zile sarafu za fedha, na uongo huo ukakunyima rafiki. Umelazwa udongoni tangu masika, na jambo hili bado ninalo.

Acha nianze mbali kidogo. Nikianzia kwenye kosa lenyewe nitaitupa kalamu.

Unakumbuka reale ya kwanza? Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, Njeri hajaanza kutembea. Ulikuja Jumamosi kutoka Thika na baiskeli yako, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hata ya kuomba maji ukatoa kitambaa mfukoni. Ndani yake kulikuwa na kipande cha fedha cheusi, kimepinda, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, kama kipande cha muhogo kilichokatwa na mtu mwenye haraka.

"Ai, Baba Njeri," nikakuambia, "hii imetafunwa na panya?"

Ulicheka ukakaa chini. Kisha ukanieleza, na mimi nikajifanya sisikilizi huku nikisikiliza kila neno. Kwamba Sonara, yule Mhindi uliyekuwa ukimpondea bangili za maharusi kwenye fuawe yake ndogo, alikuwa ameletewa gunia la fedha kuukuu kutoka Mombasa ili aziyeyushe. Kwamba kati ya bangili zilizovunjika mlikuta sarafu hizi za Wahispania, zilizotoka kwenye milima yao ya fedha ng'ambo ya pili ya dunia, zikapita mikono ya Waarabu na Wahindi mpaka zikafika pwani yetu. Na kwamba hazikutengenezwa na mashine yoyote. Mtu alikata kipande kwenye mche wa fedha, akakiweka katikati ya vyuma viwili vyenye alama, akainua nyundo, akapiga. Kikizidi uzito, anakipunguza kwa mkasi. Ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana.

"Mtu kama mimi," ukasema. Ulilisema hilo kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwako, hata siku ya arusi yetu, na nilikununia kidogo kwa sababu hiyo.

Tangu hapo kazi ya arusi kubwa ikiisha, Sonara akitaka kukupa kitu cha asante, unachagua reale moja kabla gunia halijaingia motoni. Zilifika tisa. Uliziweka kwenye kopo la tumbaku, na Jumapili tukitoka kanisani unazimwaga kizingitini na kuanza kunisomea. Msalaba mnene upande mmoja, simba na ngome kwenye pembe zake. Upande wa pili nguzo mbili na mawimbi. Lakini wewe hukusoma simba wala nguzo. Ulisoma mkono.

"Huyu alipiga mara mbili, ona msalaba una kivuli. Huyu hapa alikuwa amechoka, nyundo imelalia kushoto. Na huyu, Mama Njeri, huyu alikuwa mwanafunzi. Ameogopa kupiga."

"Au alikuwa na njaa," nikakuambia. Ukasema kweli, hilo hukulifikiria, na Jumatatu ukaenda kumwambia Sonara. Nilijua kwa sababu Jumamosi iliyofuata ulileta jibu lake: Sonara anasema mkeo ana akili kuliko sisi wawili. Ngai, jinsi nilivyotembea nimeinua shingo wiki ile!

Nilikuja dukani mara moja tu nikawaona. Wateja walikuwa wamekwenda kula, nanyi mmeinamia kioo kimoja cha kukuzia, kichwa chako na chake karibu kugongana, mkibishana kama watoto kuhusu herufi moja iliyofutika. Yeye alikuita Fundi. Siku zile, mwenye duka kumwita mfanyakazi wake hivyo, na kumwachia kiti chake, halikuwa jambo la kawaida. Nilisimama mlangoni na kikapu changu cha maembe mpaka nikakohoa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Mwaka wa hamsini na nne askari walikuchukua asubuhi barabarani ukielekea kazini, na baiskeli ikaletwa na mtu nisiyemjua. Mimi karani wa shamba aliniacha niendelee kuchuma kahawa kwa kuwa ni Mkamba. Kwa miezi sikusikia neno. Halafu mzee mmoja aliyeachiliwa kutoka kizuizini akapita Ruiru, akaniambia, "Bwana yako ni mzima. Amesema umtunzie vitu vyake."

Vitu vyako. Ulikuwa na vitu gani, mume wangu? Koti moja, baiskeli, na lile kopo.

Basi nikavitunza. Koti nililianika jua. Baiskeli niliipaka mafuta. Na reale, haki ya Mungu, nilizitunza kwa njia pekee niliyofundishwa na mama yangu. Kwetu mwanamke hujulikana kwa sufuria zake. Ukipita nje ya nyumba ukaziona zimeanikwa hazing'ai, unajua mwenye nyumba ni mgonjwa au ni mvivu. Na wewe mwenyewe bangili yangu uliisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona ndani yake. Ningejuaje kwamba weusi wa reale haukuwa uchafu? Nilidhani hukupata nafasi ya kuzisafisha. Nilidhani utarudi uzikute zinameremeta uniambie, Mama Njeri, hata Sonara hakuweza hivi.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikaa kizingitini pale ulipokaa. Gunzi la mahindi, majivu, mchanga laini wa mtoni. Moja baada ya nyingine. Weusi ukatoka, nikafurahi. Halafu simba wakaanza kufifia, nami nikadhani ni macho yangu. Nitakuambia ukweli wote leo: hata nilipoona tayari zinang'aa, sikuacha. Kopo likifunguka lilikuwa na harufu ya koti lako, na zile reale zilikuwa kitu pekee ulichokishika kuliko vyote ambacho bado ningeweza kukishika. Nilikuwa na hamu na wewe mpaka vidole viliuma. Karibu miaka mitatu, Baba Njeri.

Ukarudi mwaka wa hamsini na saba. Njeri alikukimbia akajificha nyuma ya ghala, nawe ukasema mwache, atazoea. Ulikula kidogo. Mchana huohuo ukaomba kopo. Nililileta mwenyewe, nikalipangusa kwa kanga, nikatabasamu.

Ulizimwaga mkekani. Tisa, nyeupe pe, laini kama vifungo vya shati. Uliigeuza moja, ukaigeuza tena. Ukapitisha kidole gumba pale palipokuwa na msalaba. Kisha nyingine. Sikuwahi kukuona ukilia hata siku moja, na siku ile hukulia, lakini ulikuwa umeinama hivi, na niliona mabega yako yalivyokuwa yamekonda.

"Nani amezifanya hivi?"

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilifungua mdomo kusema mimi, na neno lililotoka lilikuwa "Sonara."

Likishatoka moja, mengine hufuata yenyewe. Nikasema misako ilizidi, nikaogopa, nikampelekea azifiche dukani, akazirudisha zikiwa hivyo. Ukaniamini mara moja, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hukuwa na sababu ya kutoniamini.

"Mtu anayejua," ukasema polepole. "Angekuwa mtu asiyejua, ningemwelewa."

Ulisikia ulivyosema? Ulikwisha kunisamehe pale pale bila kujua. Ningesema wakati ule, tungemaliza. Lakini woga ulinishika ulimi, kesho yake aibu ikanishika, na baada ya wiki ikawa sijui nianzie wapi.

Ulipopata ruhusa ya kufika Thika hukwenda. Ulichukua kazi ya mashine ya kumenya kahawa hapa shambani, wewe fundi wa fedha, mikono imelowa maji siku nzima. Sonara alisikia umerudi, akaja kwa basi na kofia yake nyeusi na pakiti ya ladu, vile vitamu vya Kihindi, kwa ajili ya Njeri. Ulimwona tangu njiani. Ukatokea nyuma, ukaingia katikati ya mibuni, na mimi nikabaki nimesimama na mgeni na ladu zake, akiuliza Fundi yuko wapi. Jioni ukaniuliza alitaka nini. Nikasema alikuwa na shughuli zake Ruiru, akapita tu.

Hilo unalijua. La pili hulijui.

Alikuja tena mwaka jana, wewe uko kazini. Duka alikuwa amelifunga. Anarudi kwao India, mke wake anaugua. Alikataa kuketi. Akaniuliza, "Mama Njeri, mimi nimemkosea Fundi nini? Niambie nimwombe msamaha kabla ya kwenda."

Mzee wa watu, mvi tupu, anaomba msamaha kwangu mimi! Na mimi nikamwambia, "Hujamkosea kitu. Tangu atoke kizuizini hapendi watu." Akatikisa kichwa. Akatoa karatasi nyekundu, ile ya kufungia bangili, ndani yake reale moja. "Hii nilimwekea tangu walipomchukua. Wateja walitaka kuinunua, nikakataa. Mwambie sijaigusa."

Nilikusudia kukupa jioni ile. Lakini ungeuliza: aliyeniwekea hii bila kuigusa miaka yote, ndiye aliyeharibu zile tisa? Nikaificha chini ya unga, baadaye nikaihamishia kwenye dari. Nilipanga kukwambia Krismasi. Halafu nikasema mvua ikianza. Mvua ilipoanza ulikuwa huwezi kuinuka kitandani.

Siku mbili kabla hujaenda uliniomba nikugeuze uelekee mlangoni. Nikakugeuza. Ukatazama nje, halafu ukauliza, bila hasira yoyote, "Yule Sonara. Hakuwahi hata kuniulizia?"

Nikasema, "Hakuwahi."

Ukasema, "Haya."

Ile "haya" yako, Baba Njeri. Nachuma kahawa naisikia. Naosha vyombo naisikia. Ningepewa saa moja tu na wewe nisingeomba kukukumbatia, ingawa Mungu anajua ninavyokutamani. Ningekaa chini nikakuambia haya, ukanikasirikia, ukanitukana mimi na sufuria zangu, ukachukua baiskeli ukaenda Thika.

Reale yake iko hapa mezani ninapoandika. Ni nyeusi, imelalia kushoto, na sijui kuisoma bila wewe.

Pumzika, mume wangu. Usiende na lile jibu nililokupa. Alikuulizia. Alikuja mara mbili, na mara zote mbili alikuulizia.

Mkeo,
Mama Njeri