Kwa Mama Kalina Wroniecka, Aliyewapandisha Watoto Farasi

Mama, mwaka umetimia tangu uanguke pale uwanjani nyuma ya zizi. Ulikuwa ukitembea kando ya Malwa, farasi wako jike, mkono wako umeshika kiuno cha Jagna, mtoto wa jirani yetu Dobrawa, aliyekuwa amempanda. Malwa alisimama papo hapo. Mtoto hakudondoka. Wewe hukuinuka tena.

Wazazi walikujia kutoka bonde zima, wamebeba watoto wasioweza kukaza shingo, wengine hawajawahi kutamka neno. Hukumwahidi mtu muujiza. Ulisema farasi akitembea, mwendo wake huufundisha mwili wa mtoto, basi; kilichobaki ni subira. Kisha unamgeukia mpanda farasi wa miaka minne: "Nyoosha mgongo, mheshimiwa. Malwa habebi magunia ya viazi." Watoto walicheka, hata wale tulioambiwa kwamba hawaelewi kitu.

Ulinuka zizi mpaka kanisani. Baba akikutania, "Hivi mimi nimeoa mwanamke au farasi?" unamjibu, "Farasi hakoromi, mzee."

Tulijaribu kuendelea, Mama. Mtaalamu aliyekuja baada yako alimaliza majira ya baridi, akapata kazi mjini. Mwingine hakupatikana. Malwa akauzwa kwa mvuta magogo wa msituni, na uzee wake ule. Kabla ya kiangazi tukasikia amekufa.

Jagna sasa ana miaka sita. Ulimwacha akisimama mwenyewe, ameshikilia fito za uzio. Miguu imekakamaa tena, amerudi kwenye kiti cha magurudumu. Jumapili iliyopita tulipokuja kukuwashia mishumaa, tulimkuta Dobrawa makaburini, anamsukuma. Baba akamwambia asikate tamaa, mtoto bado mdogo.

"Usinifariji, mzee wangu," Dobrawa akasema, wala hakupandisha sauti. "Alikuwa anasimama. Nilimwona kwa macho yangu."

Baba akashika kiti, akamsaidia kumsukuma Jagna mpaka langoni. Tukarudi nyumbani.

Unakumbukwa na mumeo Zbyszko, wanao Ludwika na Gniewko, dada yako Teodozja, na mjukuu wako Kostek, ambaye bado anauliza utarudi lini.

Hutatutoka moyoni, Mama, maisha yetu yote.