Kadi ya Mbwa Wako

Baba watoto,

Salamu nyingi. Wanao hawajambo, mdogo kang'oa jino na anataka nikutumie. Mama yako anasema nimekonda, mimi namwambia ni kazi.

Bado niko mapokezi kwa daktari wa wanyama. Juzi kasuku wa bibi mmoja alimtukana daktari mpaka watu wakavunjika mbavu. Nilicheka sana, kisha nikakumbuka kwamba nikifika nyumbani sina wa kumsimulia.

Sasa, mbwa wako. Wiki nzima hajagusa chakula, amelala tu juu ya viatu ulivyoacha. Jana nikambeba hadi kazini. Pale kwetu kadi huandikwa jina la mwenye mnyama, na zamu ikifika ndilo ninaloita. Daktari akaniambia, "Jiandike wewe, si ndiye unayemlisha?" Nikaandika jina lako.

Zamu yake ilipofika nikaliita kwa sauti, kama ninavyoita majina ya wengine. Mwaka na miezi minne sijalitamka mbele za watu, maana wataniuliza unarudi lini. Watu wote wakangoja mtu ainuke. Aliyeinuka ni mbwa, yule yule aliyeshindwa hata kusimama. Akatikisa mkia, akageukia mlangoni.

Usinicheke. Na mimi niligeuka.

Ni mimi mkeo,
ambaye bado ameviacha viatu vyako pale pale.