Mama Anadhani Nimesilimu

Mshauri mpendwa, nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili siwezi kumuuliza yeyote anayemjua mama yangu, na Kibirichia nzima, kijijini kwetu, inamjua, maana ameongoza akina mama wa kanisa letu tangu nikiwa shule ya msingi. Ninafanya kazi Meru mjini katika duka la vitambaa la Faadumo, Mwislamu mwenye moyo mzuri, na kanisani sijaenda tangu wakati wa korona, tulipoambiwa tufuate ibada kwenye simu, nikafuata, kisha nikawa naiwasha huku nikifua nguo, kisha Jumapili moja sikuiwasha kabisa na nikatambua kwamba nilichokosa ni nyimbo tu. Wenzangu wamehama, huyu yuko kanisa la hema, yule ana mhubiri wake wa mtandaoni, lakini mimi sikuhama, nilikoma, na sina hasira na mtu.

Mwezi wa Agosti nilienda nyumbani nimevaa dera alilonipa Faadumo, na kwa baridi ya kule nikajifunga leso kichwani, na chakula kilipowekwa mezani mama akaniambia niombee, kama anavyoambiwa mtoto yeyote anayetoka mjini, nami kwa kuogopa kusema nisichokiamini nikashukuru kwa mvua, kwa mikono iliyochimba viazi na kwa aliyepika, nikasema Amina. Sikusema "kwa jina la Yesu." Kwetu ombi lisilofungwa kwa maneno hayo ni kama boma lililoachwa wazi, na mama alibaki amefumba macho, akingoja, kisha akachukua kijiko.

Niliporudi Oktoba nilikuta jogoo amefungwa mguu nyuma ya jikoni, na hakuna aliyemgusa hadi alipokuja Isaack, Mwislamu anayeuza nyama sokoni, akamchinja. Nilidhani mkono wa mama, ambaye siku zote huchinja mwenyewe, umeanza kuuma, hadi tulipokuwa tukimnyonyoa akasema bila kuniangalia, "Nimemuuliza Isaack sokoni, nikaambiwa nyinyi hamli nyama tuliyochinja sisi."

Nikauliza nyinyi ni akina nani. Akataka kujua kama huyo mwanamume aliyenisilimisha ana shamba au ana lori tu, nami nikashindwa hata kucheka, ndipo akasema, "Kinya, usinifiche. Nililia, nikamaliza. Hata ukimwita kwa jina lingine, mradi kuna Mtu unayemwita. Mtoto asiyeomba, huyo ningemlilia hadi kaburini."

Nikanyamaza, mshauri, nikala ile nyama. Nikimwambia sijasilimu atafurahi kidogo, kisha ataniuliza ninaomba wapi. Krismasi inakaribia. Je, nimwache na uongo unaomtuliza, au nimpe ukweli?

Kinya, Meru mjini

*

Kinya,

Unauliza kama ukweli utamuumiza mama yako. Utamuumiza, na hukuhitaji mshauri kulijua hilo. Ulilopaswa kuuliza ni nani anayelipia ukimya wako. Mama amekwisha kulilia jambo ambalo halikutokea. Isaack ameitwa kutimiza sharti la dini yake kwa mtu asiyeifuata, bila kujua. Na Faadumo siku moja ataambiwa kwamba alikuvuta kutoka kanisani, na hatakuwa na la kujitetea. Imani ya watu hao si nguo ya kujikinga baridi. Ivue.

Najua ni hofu iliyokufunga mdomo, si hila, na sikulaumu kwa siku ile moja. Nakulaumu kwa siku zilizofuata. Soma tena barua yako mwenyewe. Mwanamke aliyeongoza akina mama wa kanisa kwa miaka yote hiyo alikwenda sokoni kumuuliza muuza nyama binti yake anaruhusiwa kula nini. Amevuka umbali huo peke yake, bila kuombwa, nawe umeamua kwa niaba yake kwamba hatua nyingine hataiweza. Hayo ni majivuno, ingawa yana sura ya huruma.

Sasa fanya hivi. Nenda kabla ya Krismasi, siku ambayo nyumba haina wageni, ukae naye jikoni. Zungumza Kimeru, kwa sababu kwa Kiswahili na Kiingereza utaanza kuhutubia. Hukuniandikia kwamba Mungu hayupo. Umeandika kwamba ulikoma. Basi sema hilo na usiongeze: hujasilimu, siku hizi huombi, na hujui kama utaomba tena. Usimletee hoja za mtandaoni wala makosa ya wahubiri. Akikutaka uombee chakula, mwambie aombe yeye, nawe inamisha kichwa. Kuinama mama anapoomba ni adabu, na adabu haikulazimishi uamini. Ukitoka hapo, mpitie Isaack umtake radhi.

Huenda mama akalia. Usiondoke, wala usimnyamazishe kwa kuahidi kwamba Jumapili utakwenda naye. Ahadi hiyo itakurudisha palepale ulipo. Alisema angemlilia mtoto asiyeomba hadi kaburini, lakini wakati ule alikuwa akimsema mtoto wa kuwaziwa tu. Mpe nafasi ya kuyasema maneno hayo tena, au kuyaacha, akiwa anakutazama wewe.