Mimbari Uliyoniachia Nuu

Baba,

Huu ni mwezi wa tisa tangu tukuzike. Kila Jumapili nimekuwa nikiongea juu yako mbele ya watu, lakini na wewe mwenyewe sijaongea. Niliogopa.

Siku ile ya mazishi nilikuwa bado nimeshika sepetu wakati Mzee Musembi wa kanisa alipochukua Biblia yako kwa Mama, akanipa mimi. "Mutua, kiti cha baba yako hakiwezi kukaa wazi." Watu wakapiga makofi. Makofi kaburini, Baba! Mimi ni fundi wa mawe. Nilikuja hapa Nuu kutoka Makindu na nguo za siku tatu, nimeacha ukuta wa duka la mtu umefika madirishani. Nikafungua mdomo niseme hapana, nikamwona Mama ananiangalia. Nikaufunga.

Wiki hiyo hiyo wazee wa kanisa waliniita. Waliniambia kwa upole kwamba nyumba ni ya kanisa, na anayehubiri ndiye anayelala ndani, yeye na watu wake. Nikikataa, atatafutwa mwingine na Mama atapisha. Miaka ishirini na tatu Mama ameikandika nyumba hii kwa mikono yake. Ningefanyaje?

Basi nikahubiri. Nilichukua vikaratasi vyako, nikasoma ulivyosoma, nikapumzika ulipopumzika. Akina mama walilia wakasema umerudi. Mimi nikitoka nje, natapika nyuma ya choo. Nilikuwa nawaambia watu Mungu amesema nami, na mimi sijawahi kusikia kitu. Kutoroka siwezi, kubaki siwezi.

Wewe hukuwa hivyo. Mwaka ule wa ukame uliwafungisha watu saumu siku tatu kuomba mvua. Haikunyesha. Mhubiri mwingine angesema ni dhambi zetu. Wewe ulisimama, midomo imepasuka, ukasema, "Niliomba pamoja nanyi, na sijui kwa nini hatukupewa. Wiki hii tutagawana kilichobaki." Ukaketi. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mpaka leo sijasikia makubwa kuliko hayo.

Na mke wa Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi, alipofariki, ulichukua jembe ukaenda kuchimba kaburi pamoja na Waislamu wenzake. Wazee wakakulaumu. Ukawajibu, "Nilienda kuchimba. Sikuenda kubishana." Abdi alikuja kukuzika, Baba. Alisimama kwenye ua mpaka mtu wa mwisho alipoondoka.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Siku nane zilizopita, Jumapili baada ya ibada, tulikuwa tunakula muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mama akaweka sahani chini.

"Mutua, unahubiri kama mbuzi anayevutwa kamba. Nani amekufunga?"

Nikamwambia yote. Wazee, nyumba, matapishi. Alicheka, halafu... akalia. Kumbe alidhani mimi ndiye ninayetaka kukaa! Dada yake wa kijiji cha Tulia amekuwa akimwita tangu mazishi, hata mahali pa kujenga amempa, naye amekataa mara tatu ili asiniache hapa peke yangu na msiba wako. Miezi yote hiyo nilikuwa namfungia mlango nikidhani namlinda, naye ananifanyia vivyo hivyo.

"Tumechunga zizi lisilo na ng'ombe," akasema, akifuta macho kwa leso.

Jana, Jumapili, nilisimama mbele bila kikaratasi. Nikawaambia, "Mimi sikuitwa. Nimewasomea maneno ya baba yangu kwa sababu niliogopa mama yangu atatolewa nyumbani. Nisameheni." Mzee Musembi akainuka. "Umemtia baba yako aibu." Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma, maana huenda ni kweli na wewe huwezi kuniambia. Wengi walitoka bila kunisalimu. Mjane Kavata peke yake ndiye aliyenishika mkono, akasema, "Leo nimemsikia Mutua."

Nilidhani nitatoka pale nikiwa mwepesi. Bado, Baba. Kila ninayekutana naye njiani anatafuta uso wako usoni mwangu, na asipouona anaangalia chini.

Wazee wametupa mpaka mwisho wa mwezi tuhame, lakini Mama hataki kungoja. Tunaondoka kesho. Jambo moja tu linamsumbua: kukuacha hapa uwanjani kwa kanisa. Asubuhi ya leo aling'oa magugu kaburini kwako, akakaa pale muda mrefu. Sikumsogelea.

Sitakuahidi kuwa kama wewe. Nimejaribu miezi tisa, na karibu iniue. Ninalokuahidi ni hili: nitamjengea Mama nyumba ya mawe kule Tulia, nyumba ambayo hakuna mtu atakayemwambia apishe. Nikimaliza, nitarudi na mawe mengine, nizungushie mahali ulipolala. Mzee Musembi akinikataza, nitamwomba. Akikataa tena, nitakuja tena.

Mama ananiita tukafunge mizigo. Pumzika, Baba. Kwaheri.

Mwanao,
Mutua