Magadi Kwenye Boila ya Kamwene

Jumatano, 5 Machi 2025

Mwezi wa toba huu, na mimi nimejaa hasira mpaka kooni. Mungu anisamehe.

Leo tena binti yangu Batuli kachelewa kupaa. Maputo ya wenzake yameshang'oa kamba mnara wa Gangilonga hapa Iringa, yanaelekea Mbeya na moshi wao, la kwake bado linakohoa pale juu. Si kosa lake. Wamempa Kamwene, puto kuukuu kuliko yote, boila yake ilifuliwa na Wakinga hata mimi sijazaliwa. Inachemka kwa kudeka.

Na Mzee Antoni, mwenyekiti wa marubani, kasimama chini na fimbo yake, anawachekesha abiria. Kasema huyu binti mpeni chungu cha maharage, hicho atakiweza. Watu wakacheka. Happy, jirani yangu wa ukuta mmoja, kafunika mdomo kwa kanga, akadhani sijamwona. Nimemwona.

Kila siku tunajigamba. Wazee wetu waliziteka injini za Mjerumani pale Lugalo, Wakinga wakazivunja na kuzifua upya, Mjerumani karudi pwani kwa miguu, na mpaka leo nyanda za juu zinaendeshwa kwa mvuke wetu wenyewe. Haya. Injini tuliiteka, ila msichana akiishika — nongwa.

Nimemuuliza Benjamini, fundi anayechochea moto kwenye puto la Batuli, kwa nini maji yanachelewa hivi. Kasema, Mama Batuli, makaa ya Kiwira siku hizi ni vumbi, na boila imezeeka, inataka subira. Subira ninayo. Heshima ya mwanangu ndiyo inayoliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Alhamdulillahi. Leo nimewafunga midomo.

Wazo limenijia wakati wa daku, nikipasha maharage. Maharage ya huku ni mawe, kila mama anajua. Unaweza kumaliza mzigo wa kuni yakakutazama tu. Lakini tia magadi kidogo — dakika, yameshalegea. Nikajiuliza, kwani boila ni nini? Si chungu tu, cha chuma.

Nilipomaliza kuswali alfajiri nikapanda mnarani na kikapu cha futari ya Batuli, tende na chapati, ale huko Mbeya. Yeye alikuwa anakagua kamba. Benjamini kashuka kuchukua makaa. Tangi la boila liko wazi, linangoja mpira wa maji. Nikatumbukiza magadi, bonge kama ngumi yangu, maana chungu chenyewe kikubwa. Nikasoma Kulhuwallahu mara tatu. Sikumwambia mtu.

Kamwene imepaa ya kwanza! Benjamini mwenyewe kashangaa, kasema leo maji yanaruka kwenye kioo cha kupimia kama yana mashetani. Mzee Antoni kaitazama saa yake, kaipiga piga, kaitazama tena. Nimerudi nyumbani naimba.

Ijumaa, 7 Machi

Simu ya upepo imeingia bandari ya maputo kabla ya swala ya Ijumaa. Kamwene imeanguka Usangu jana.

Wote wazima. Wote wazima. Naandika mara mbili nijisadikishe. Batuli kaungua mkono.

Lakini huyu Antoni! Mtoto wangu bado yuko kwenye matope, yeye kashaita watu uwanjani, kasema boila imeungua kwa kukosa maji, rubani kaacha chungu kikakauka. Niliwaambia, kasema. Kasema baraza la marubani likae Mbeya Jumatano, limfutie Batuli leseni, na tangu hapo wasichana wasikabidhiwe puto. Kuna wasichana watatu wanajifunza urubani kule Mbeya, mnara wa Loleza. Nao warudishwe kwao.

Happy kaleta uji wa kunipa pole. Nimeupokea mlangoni, sikumkaribisha ndani. Swaumu yangu ya leo sijui kama ipo. Ulimi wangu umekula watu.

Jumapili, 9 Machi

Batuli karudi. Mkono wa kulia wote umefungwa bandeji. Nimelia, halafu nikakasirika kwamba nimelia.

Kanisimulia. Walikuwa juu ya Usangu, kioo cha maji kinaonyesha kimejaa mpaka juu. Mara injini zikaanza kutema maji badala ya mvuke. Povu. Benjamini kafungua bomba la chini kupima, halikutoka kitu, chuma kimeanza kuwa chekundu. Kilichobaki ni kulipuka tu, na abiria wamekaa na vikapu vyao wanaongea habari za harusi. Batuli akashika sepetu akamsaidia Benjamini kuutoa moto wote, kuutupa nje, makaa yanaanguka kwenye mashamba ya mpunga yanasema chwiii. Mpini ukashika moto, hakuuachia. Halafu akafungua hewa ya puto kidogo kidogo, akalilaza kwenye maji, katikati ya ng'ombe.

Msukuma mwenye ng'ombe kaja na fimbo mabegani, kamuuliza, dada, hili dude lako? Kasema ndiyo. Basi lisogeze, ng'ombe wangu wanataka kunywa. Tumecheka, mimi na Batuli, mpaka bandeji ikamuuma. Ni Msukuma huyo huyo aliyefunga maksai wake wakalivuta mpaka barabarani.

Mwanangu huyu ndiye wa kuambiwa kaacha chungu kikakauka?

Nimesema kosa ni la Benjamini, alilala. Batuli kasema hakulala, mama. Basi povu limetoka wapi? Kasema, maji tu, mama. Maji tu. Wakati wa kufuturu kala tende, kanywa uji, bakuli la maharage kalisogeza pembeni bila kunitazama.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kwa Benjamini kumsema. Nilijiandaa njia nzima, maneno makali yamepangwa. Nimemkuta anakwangua mabomba ya Kamwene uani kwake, nikayamwaga yote: mvivu, msingizi, unamwacha mtoto wa kike abebe aibu yako.

Kaniacha nimalize. Halafu kanipa kipande cheupe kilichoganda kwenye bomba. Kasema, onja, mama.

Nimefunga, nikasema.

Basi nusa. Ni magadi. Kasema magadi ni sumu ya boila, maji yanafanya povu, povu linajaza kioo, unadhani boila imeshiba kumbe chini kumekauka. Kasema alitaka kwenda kuwaambia baraza. Batuli kamwapisha kwa Biblia yake asiseme. Kwa nini, hajui.

Sikumbuki nimerudije nyumbani. Mkononi nimekuta nimeshika kile kipande.

Bonge kama ngumi yangu. Na Kulhuwallahu juu yake. Ya Rabi, nililisoma jina lako juu ya balaa, na wewe ukawaokoa.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwamsha Batuli. Nikamuuliza, ulijua tangu lini?

Kasema tangu alipolamba kile cheupe bombani, kule Usangu. Kasema, mama, nani mwingine Iringa nzima anatia magadi kila kitu? Hata makande ya msibani kwa watu unayatilia. Alicheka. Mimi sikucheka, nikamgombeza kama mtoto wa miaka saba. Nani kakutuma unibebee? Nimekuzaa mimi au umenizaa wewe?

Naye kapandisha sauti. Kasema sheria ya boila ni ya tangu wakati wa vita, anayetia kitu kwenye boila ya puto anakwenda jela, hawaulizi nia. Mimi leseni tu, kasema. Wewe jela, na presha yako hiyo.

Leseni tu! Mtoto aliyekuwa analala na ramani ya upepo chini ya mto. Na wale watatu wa Loleza? Nao wafukuzwe kwa maharage yangu?

Kasema wale watapigana vita vyao. Hakuniangalia aliposema.

Nimemkasirikia leo kuliko nilivyowahi kumkasirikia Antoni. Anayekudhulumu unamlaani na kulala. Huyu anakudhulumu kwa mapenzi, utamlaani kwa dua gani?

Jumatano, 12 Machi

Mbeya. Mvua. Tumekuja na lori la mvuke, tumekaa viti mbalimbali, hatukusemezana tangu Makambako. Sasa niko kwenye benchi nje ya ukumbi wa baraza, naandika.

Wamemsikiliza Antoni kwanza. Mlango uko wazi, nasikia yote. Chungu, kasema, mara nyingi tu. Mwanamke na chungu. Wazee wanacheka humo ndani. Hajui alivyo karibu na ukweli, na jinsi ulivyo mbali naye. Wasichana watatu wa Loleza wamesimama kwenye kona, wamevaa makoti yao ya urubani, yamelowa. Mmoja kaniamkia, shikamoo mama. Nimeitika marahaba, nikakivuta kikapu changu karibu.

Batuli katoka. Kasema wamemaliza naye, amekubali kosa. Kakaa karibu yangu. Kanong'ona, kikapuni mna nini?

Futari.

Fungua nione.

Sijafungua. Mna bonge la magadi lililobaki nyumbani, na kile kipande cha bombani, vimefungwa kwenye leso moja.

Karani kaja mlangoni. Kauliza kama yupo mwenye neno kabla wazee hawajaamua. Anatazama kulia, anatazama kushoto. Batuli kanishika mkono wa kushoto, kanishika kwa ule wake wenye bandeji, makusudi, anabana. Najua unamuuma. Nikisimama nitauvuta, utamuuma zaidi. Kalamu naiweka, nasimama —