Wa Pili Nyuma ya Mwalimu

Shangazi Rong mpendwa,

Tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, katika ofisi ya masomo hapa Gent, nilipoteza makala yangu, na bila makala hiyo naikosa shahada ya uzamivu iliyonileta huku, ndiyo maana naomba unisaidie, ila usianze kwa kunipa pole, pole nimepewa nyingi na nimechoka kuzipokea.

Makala haijaibiwa wala haijakataliwa. Imekubaliwa na jarida zuri, inahusu chumvi inavyopanda kwenye udongo wa mashamba ya karibu na bahari, na vipimo vyote nimechukua mimi, msimu mmoja kwetu Yancheng na misimu miwili huku, nikiwa na mabuti yanayovuja, na kila neno nimeandika mimi. Ila jina langu limekaa la pili. La kwanza ni la Mwalimu Shen, msimamizi wangu wa nyumbani, la tatu ni la Profesa Goossens, msimamizi wangu wa huku. Na aliyeyapanga hivyo ni mimi mwenyewe.

Wewe ni wa kwetu, unajua mambo yalivyo, mwanafunzi akiandikwa wa pili nyuma ya mwalimu wake, chuoni kwetu anahesabiwa kuwa wa kwanza. Mwalimu ndiye aliyenipa swali la utafiti na kunifungulia mashamba ya Yancheng, sikatai, na siku ya kupeleka makala nilimuuliza Kaka Pang, aliyenitangulia kwa Mwalimu huyohuyo na sasa tuko maabara moja, naye akanijibu huku akikoroga uji wake kwenye jiko la wali, "Dada mdogo, mweke Mwalimu mbele. Wewe hupotezi kitu, yeye anafurahi, na mimi nakula kwa amani. Au unataka mwaka mpya aniulize nimekulea vipi?" Nikacheka, nikamweka mbele. Niliona nimepiga hesabu vizuri, makala moja inaridhisha watu wawili.

Profesa Goossens alipoiona orodha ya majina aliniuliza mara moja tu, "Mpangilio huu umeukubali wewe mwenyewe?" nikasema ndiyo, nikamshukuru. Shangazi, ningejuaje? Mwalimu Shen akiwa na pingamizi anakwambia huu ni upuuzi, rudia. Huyu mama aliuliza kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai, akarudia mkate wake wa jibini, nikadhani ameniheshimu. Sasa naambiwa lile swali ndilo lilikuwa pingamizi lenyewe.

Chuo hiki na chuo chetu vina mkataba, tasnifu moja vyeti viwili, na mwanafunzi atimize masharti ya pande zote. Sharti la huku ni angalau makala moja ambayo jina la mwanafunzi limetangulia, na hayo mambo ya kuwa wa pili nyuma ya mwalimu hawayajui. Mama wa ofisi ya masomo alinieleza kwa huruma kabisa kwamba kwa macho yao mimi nimemsaidia Mwalimu Shen kwenye utafiti wake. Nimemsaidia. Mimi.

Ufadhili wa serikali unaisha mwezi wa nane na hauongezwi, na makala nyingine, tangu kuandika hadi kukubaliwa, inakula mwaka na zaidi, nimegeuza hesabu hiyo kila upande, haikubali. Sijawahi kubebwa na mtu, Shangazi. Shahada ya kwanza nilijisomesha kwa kufundisha watoto wa watu hesabu na kuuza vifuniko vya simu getini, mtihani wa Kiingereza niliurudia mpaka mlinzi wa ukumbi akanizoea, leo nije kuzama kwa sababu ya adabu?

Jarida limeleta nakala ya mwisho ya kusahihisha, irudi Ijumaa. Majina yanaweza kubadilishwa kama waandishi wote watatu watasaini. Profesa Goossens amesema atasaini. Mwalimu Shen nimemwomba, hataki. Nilimwandikia kwenye simu, nikamsalimu, nikauliza goti lake linaendeleaje na mvua za huko, nikamshukuru kwa malezi, mwisho nikasema kuna jambo dogo la mpangilio wa majina, akipata nafasi, maana nilivyolelewa mimi mkubwa haombwi waziwazi. Akajibu, "Soma kwa bidii. Tutaongea ukirudi." Kaka Pang anasema Mwalimu ameshaiingiza makala kwenye ripoti ya mradi wake akiwa mwandishi wa kwanza, kwa hiyo nikimsukuma nitamwaibisha kwa wakubwa wake, na cheti cha nyumbani kiko mikononi mwake. Yaani nikinyamaza nakosa cha huku, nikisema huenda nikakosa vyote viwili.

Usinizungushe na usiniambie nitafakari, nimetafakari mpaka kichwa kinauma. Nimwandikie tena Mwalimu au nisimwandikie? Naomba jibu la ndiyo au hapana, kabla ya Jumanne saa sita mchana.

Wa Pili, Gent

*

Wa Pili,

Ndiyo. Mwandikie. Ulitaka jibu fupi, hilo hapo, na barua yako nimeipitisha mbele ya foleni ya wasomaji wanaoniandikia ili jibu likukute Jumatatu. Sasa kaa nikugombeze.

Unasema umemwomba Mwalimu Shen akakataa. Barua yako nimeisoma mara mbili, sijaona ulipomwomba. Umeuliza goti, umeuliza mvua, umeshukuru malezi, halafu mlangoni, ukiwa umeshavaa viatu, ukataja jambo dogo. Mzee wa watu kaambiwa jambo ni dogo, kalijibu kama jambo dogo. Unamlaumu Goossens kwa kuficha pingamizi ndani ya swali moja la upole, na wewe umeficha shahada nzima ndani ya salamu. Umemzidi. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Uchovu wako naujua. Nimekaa huku miaka mingi nikipokea watoto kama wewe, na kumheshimu kila mtu kwa desturi mbili kunachosha kuliko kubeba magunia ya udongo. Lakini umechoka kwa kuzunguka, hujachoka kwa kufika. Na Kaka Pang mwambie ale uji wake. Woga wake wa mwaka mpya si sharti la mkataba wowote.

Unajiona hodari wa hesabu, basi kuna moja hukuipiga. Makala ina kiti kingine, cha mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye anwani yake inawekwa chini ili watu wamwandikie. Kwetu hicho ndicho kiti cha mwenye nyumba, na maprofesa wengi wanakipenda kuliko cha mbele. Nani amekikalia? Hukusema, na nadhani ni Goossens, kwa sababu alikuwa karibu wakati unajaza fomu ya jarida. Nenda kwake kesho asubuhi, muulize kama atakubali Mwalimu Shen akikalie, au wakikalie wote wawili, majarida mengi yanaruhusu. Hiyo si hongo. Umesema mwenyewe swali la utafiti lilitoka kwa Mwalimu na mashamba alikufungulia yeye. Na ukifika kwa Goossens usiseme ndiyo, asante. Sema, "Hapana, mpangilio ule sikuuelewa, na swali lako pia sikulielewa." Huku hapana haiui mtu.

Kisha ndipo umwandikie Mwalimu. Salamu mstari mmoja, goti liache lipone lenyewe. Mweleze sharti la Gent, mweleze kwamba jina lako lisipotangulia unaikosa shahada ya huku, mwambie kiti cha mawasiliano kinamsubiri yeye. Hayo mambo ya ripoti umeyasikia kwa Pang, muulize mwenyewe, na kama ni kweli mkumbushe kwa adabu kwamba kusahihisha ripoti sasa, kabla makala haijachapwa, ni kazi ya mstari mmoja. Atakasirika? Anaweza, siwezi kukuahidi. Akikataa, utakuwa na neno lake mkononi, nawe utalipeleka kwa wasimamizi wa mkataba wa pande zote mbili siku hiyohiyo, uliombe jarida lisichape kwanza. Leo huna cha kupeleka kwa mtu yeyote, una goti tu.

Unaniambia hukulelewa kumwomba mkubwa waziwazi. Mimi nina umri wa mama yako, hujawahi kuniona, na umeniandikia hivi: "Naomba jibu la ndiyo au hapana, kabla ya Jumanne saa sita mchana." Goti langu hukuliuliza, na linauma kweli. Sikukasirika, nimekujibu. Ichukue sentensi hiyohiyo, toa Jumanne weka Alhamisi, itume kwa Mwalimu Shen.

Nami nina swali langu. Umetuma au hujatuma? Nataka neno moja, kabla ya Jumatano saa sita mchana.

Shangazi Rong